Funguo Mbili za Mama Kulwa

Kuna watu wamesomea udaktari ili watibu, wapo waliosomea ualimu ili walalamike, na yupo Bujiku wa Kambarage, mjini Shinyanga, ambaye hakusomea chochote cha kutundikwa ukutani lakini ndiye anayeyafanya magari yawatambue wenyewe. Utamwona juu ya pikipiki yake nyekundu yenye saitimira mbili, vile vioo vya kutazamia nyuma, zilizosimama kama masikio ya punda, nyuma amefunga sanduku la bati lililoandikwa kwa rangi ya kijani: FUNDI RIMOTI, NAKUFUATA ULIPO. Sandukuni mna mashine ya kuchongea funguo, makava ya rimoti, betri ndogo kama vidonge vya minyoo, na kishikwambi kimoja chenye waya mnene. Hicho kishikwambi anakipenda kama wenzake wanavyopenda ng'ombe. Anachomeka waya chini ya usukani, anabonyezabonyeza, gari linalia “ti!”, na kipande cha plastiki kilichokuwa hakina maana asubuhi kinakuwa mtu mwenye jina.

Maana funguo za siku hizi, kwa ambaye bado anafungua mlango wa gari lake kwa bisibisi, zina chipu kichwani, ndogo kama punje ya mchele. Ukiingiza ufunguo kwenye swichi, gari linauliza kimoyomoyo: “Nani?” Chipu inajibu jina. Jina likiwa limeandikwa kwenye kumbukumbu za gari, injini inawaka. Lisipokuwemo, utapiga stata mpaka betri ife, na gari litakutazama kama karani wa serikali anavyomtazama mtu aliyesahau kitambulisho.

Katika kazi hiyo Bujiku ameona mambo. Tajiri mmoja wa dhahabu kule Geita alimtaka aliprogramu gari limkatae mke mkubwa na limkubali mke mdogo. Bujiku akamwambia gari halina tatizo, tatizo ni nani atakayekwenda kumweleza mke mkubwa. Mkulima mmoja wa mpunga wa Didia aliipeleka rimoti yake kwa mganga, ikachemshwa pamoja na mizizi ili gari lisiibiwe. Na kweli halikuibiwa. Halikuwaka tena, mwizi angelipeleka wapi?

Ni siku ya hiyo rimoti iliyochemshwa ndipo alipokutana na Ritha. Ritha anafundisha darasa la pili hapo Didia, alikuwa anapita zake, akaona mtu amechuchumaa anakausha rimoti juani kama dagaa. Akasimama.

“Sasa fundi, hiyo supu unaila na nini?”

Bujiku alicheka mpaka akaangusha chipu kwenye nyasi. Wakaitafuta pamoja nusu saa. Chipu ikapatikana, na mengine yakapatikana.

Kwao Ritha ni Bugarama, kule Msalala, kwenye ukanda wa dhahabu, ambako kuku akiparua ardhi watu husimama kuangalia anaparua nini. Mama yake ni mjane, mwanamke wa heshima na sauti, mwenye karasha, yaani ile mashine inayosaga mawe ya wachimbaji mpaka yawe unga. Alizaa kwanza mapacha, Kulwa na Doto, ndipo akamzaa Ritha, ambaye nyumbani wanamwita Shija, kama anavyoitwa Usukumani kila aliyefuata mapacha tumboni. Yeye mwenyewe dunia nzima inamwita Mama Kulwa. Mapacha wana miaka thelathini, vifua kama milango ya ghala, na mpaka leo mama akimnunulia mmoja shati lazima amnunulie na mwenzake, rangi ileile, siku ileile. Pacha akitengwa na mwenzake, mmoja hudhoofu. Aliambiwa hivyo na mama yake, ambaye aliambiwa na mama yake, na hakuna hata mmoja katika ukoo huo aliyewahi kujaribu ili ahakikishe.

Barua ya posa ya Bujiku ilikaa kwa Mama Kulwa wiki sita bila jibu. Wiki ya saba Ritha akapiga simu.

“Mama anasema uje umtengenezee ufunguo wa gari. Ule wa pili umesagwa.”

“Umesagwaje?”

“Doto aliinama kwenye karasha, ukatoka mfukoni. Mtu wa Katoro aliyekuwa anasaga mawe yake akadai plastiki imemharibia dhahabu. Wakaosha ule unga siku nzima, chipu haikuonekana. Buji, nisikilize. Mama amesema gari likiwaka, barua inajibiwa. Lisipowaka, inarudi.”

“Barua na ufunguo vinahusiana nini?”

“Amesema mtu aliyeshindwa na ufunguo atauweza mji?”

Bujiku akacheka. Ufunguo! Angemwambia achimbe kisima, sawa, angeingiwa na wasiwasi. Lakini ufunguo? Akalala usingizi wa mtu aliyepewa mtihani na majibu yake.

Kesho yake akapita Kahama, akafika Bugarama saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Getini akapokewa na pacha mmoja. Mwingine alisimama nyuma yake, shati lilelile la bluu, kwa hiyo Bujiku akadhani ni vumbi la machoni.

“Karibu shemeji. Mimi Kulwa. Huyu Doto, aliyeulisha karasha ufunguo.”

“Ulianguka,” Doto akasema.

“Uliinama ukaanguka. Sasa shemeji, kabla hujaingia. Mama yupo hapo uani. Usimtazame.”

“Nisimtazame kwa nini?”

“Shemeji, wewe si Msukuma? Mkwe anamtazama mama mkwe?”

“Lakini barua haijajibiwa. Mimi bado si mkwe.”

“Ndiyo, mama ameliona hilo. Anasema ni afadhali aibu itangulie. Ukija kuwa mkwe kweli halafu ameshakuona mpaka meno, huo uso mtaupeleka wapi? Kwa hiyo akipita, geuka. Usipokee kitu mkononi mwake. Kitu chochote kitawekwa juu ya kigoda, ndipo ukichukue. Na funguo anaziweka kwenye pindo la kanga, kiunoni. Kitu cha kiunoni mwa mama mkwe hakikufikii na fundo lake. Ukitaka ufunguo sema, mama ataufungua ndani, Doto atakuletea ukiwa mtupu.”

Bujiku akaona hayo ni mepesi. Akaingia ubavuubavu kama kaa, akachuchumaa akimpa mama mgongo, akausalimia ukuta wa jiko: “Shikamoo mama.” Nyuma yake sauti ikajibu, “Marahaba, mwanangu. Kwenu hawajambo?” na ukuta wa jiko haukuwahi kupewa heshima kubwa kama ile.

Gari lilikuwa chini ya kivuli cha bati, jeusi, la Kijapani, kioo cha nyuma kimebandikwa shukrani za Kisukuma: WABEJA KULUMBA. Doto akaleta kigoda, juu yake ufunguo wa zamani. Bujiku akauchukua, akajaribu: gari likawaka. Akazima. Akachonga ufunguo mpya, cheche ndogo zikaruka. Akachomeka waya, akabonyezabonyeza. “Ti!” Kishikwambi kikaandika kuwa funguo zilizosajiliwa ni mbili. Akaingiza mpya: vruuum! Akaingiza wa zamani: vruuum! Akaziweka zote mbili juu ya kigoda, akajifuta mikono kwa mbwembwe za daktari wa upasuaji.

“Tayari. Mama ajaribu mwenyewe.”

Doto akabeba kigoda ndani. Mama Kulwa akakaa huko kidogo, kisha zikasikika kandambili zake zikija. Bujiku, mtu wa adabu, akageukia ukuta wa jiko. Akasikia mlango wa gari ukifunguliwa, siti ikilia kwa uzito wa heshima, ufunguo ukiingia.

Nye-nye-nye-nye-nye.

Kimya.

Nye-nye-nye-nye-nye-nye.

“Kulwa,” sauti ikatoka ndani ya gari, hatua nne kutoka kwenye kisogo cha Bujiku, “mwambie huyo kijana gari haliwaki.”

“Shemeji, mama anasema gari haliwaki.”

“Nimesikia.”

“Mama, anasema amesikia.”

“Na mimi nimesikia kwamba amesikia. Aje alitazame.”

Mama Kulwa akashuka, akaingia ndani na fundo lake. Bujiku akaomba ufunguo mpya. Doto akauleta juu ya kigoda, mtupu kama ulivyozaliwa. Bujiku akaingiza. Vruuum! Hata halikusita. Akazima, akawasha, akazima, akawasha. Gari likaguna kwa furaha kama paka.

“Linawaka,” akasema.

“Mama, anasema linawaka.”

“Nasikia linawaka. Mrudishie Doto ufunguo, nije.”

Akaja. Nye-nye-nye-nye.

Sasa hapo ndipo akili ya Bujiku ilipoanza kutafuta mahali pa kukaa. Akauomba ule wa zamani, ambao jana na juzi na mwaka jana ulikuwa unaliwasha gari bila yeye. Ukaletwa. Vruuum! Ukarudishwa. Mama akaja. Nye-nye-nye-nye. Mara tano hivi. Mikononi mwa Bujiku gari lilikuwa mwanakondoo, mikononi mwa mwenye gari likawa nyumbu. Akamwomba Kulwa ajaribu. Kulwa akapewa na mama hapohapo mlangoni mwa gari, mama mwenyewe amesimama kusimamia, kwa hiyo Bujiku akabaki na ukuta wake. Nye-nye-nye. Akajaribu Doto, kwa sababu Kulwa alikuwa amejaribu na haki ni haki. Nye-nye-nye.

“Doto,” Bujiku akamvuta pembeni, “ufunguo ukifika huko ndani, mnaufanya nini?”

Doto akafikiri kwa uaminifu wote. “Hatuufanyi kitu, shemeji. Mama anautunza tu.”

“Hamuuoshi? Hamuupaki mafuta? Hamuuweki karibu na maji ya moto?”

“Shemeji, ni ufunguo. Utaupakaje mafuta?”

Jirani alikuwa amekwishafika. Mama Bernadina, mwenye nyumba ya pili, alikuja na beseni la viazi vitamu na kisu, maana mwanamke mwenye akili haendi kushangaa mikono mitupu. Akaketi penye mtazamo mzuri, akaanza kumenya.

“Gari limeolewa,” akatangaza.

“Nani kalioa?” Kulwa akauliza.

“Si huyo hapo! Hamwoni? Linamjua yeye tu. Kaingiza waya, kaingiza na jina lake. Mama Kulwa, wewe sasa kwa gari lako ni mpangaji.”

“Mama, sikuandika jina langu,” Bujiku akauambia ukuta. “Mashine haiandiki majina ya watu.”

“Kama haiandiki,” Mama Bernadina akasema, ganda refu la kiazi likining'inia kisuni, “wewe linakujuaje? Kabla hujaja lilikuwa linawaka. Sema siyo.”

Na hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu ilikuwa ndiyo.

Bujiku ni mtu wa ushahidi. Uchawi haamini, isipokuwa siku za radi. Lakini amesimama pale, paji la uso limekaribia kugusa masizi ya jiko la watu, akajikuta anafikiria mambo ambayo fundi hafikirii. Je, gari linaweza kumkataa mtu kwa uzito? Hapana, juzi lilimbeba huyohuyo. Je, linajua nani mjane? Je, huu ufunguo una haya, unaogopa ukweni kama yeye? Akachomeka tena waya. Funguo zilizosajiliwa: mbili. Akazifuta zote, akazisajili upya. Funguo zilizosajiliwa: mbili. Vruuum, vruuum. Ndani. Nje. Nye-nye-nye. Akasikia kichwa kinakuwa chepesi kama kava la rimoti lisilo na betri.

Simu ikaita. Ritha, yuko mapumziko ya saa saba.

“Enhe? Linawaka au haliwaki?”

“Linawaka na haliwaki.”

“Buji, hilo si jibu.”

“Ndilo nililo nalo.”

“Mama anasemaje?”

“Mama yako? Namsikia tu. Sijui hata ana sura gani leo.”

“Buji,” sauti yake ikapungua, “barua yako iko kwenye kabati lake, chini ya Biblia. Nakuomba isitoke humo kurudi Shinyanga.”

Simu ikakatika. Dakika mbili baadaye mlango wa ndani ukafunguka. Doto akaja taratibu, hatazami juu, amebeba kigoda. Juu yake hapakuwa na ufunguo. Palikuwa na bahasha ya kaki, na jina la Mama Kulwa limeandikwa kwa mwandiko ambao Bujiku aliujua vizuri, maana aliuandika mara tatu kabla ya kuridhika.

“Mama anasema ufungashe, shemeji. Anasema hana kinyongo. Anasema labda ni mambo ya kwenu.”

“Kwetu kuna nini?”

“Mimi sijui. Nimetumwa tu.” Akaweka kigoda chini. Akaongeza kwa huruma, “Mimi nilikupenda.”

Ukitaka kujua mtu aliyechanganyikiwa, mtazame anavyofungasha. Bujiku aliingiza betri kwenye kopo la skrubu na skrubu kwenye mfuko wa shati. Akafungia kishikwambi sandukuni, akakumbuka hajaifunga mashine ya kuchongea, akafungua, akafunga, akafungua tena asijue anatafuta nini. Bahasha hakuigusa. Kama hajaichukua, alijiambia, haijarudi.

Pikipiki ilikuwa mbele yake, imeegeshwa kisogo kikielekea kwenye gari. Kandambili zikasikika. Mama Kulwa alikuwa amekuja kujaribu mara ya mwisho, kama mtu anavyotikisa chupa ambayo anajua haina kitu. Bujiku akafanya ilivyompasa: akageuka mgongo, akainamisha macho. Na alipoyainamisha, yakatua kwenye saitimira ya kulia.

Miiko ilisema mkwe asimtazame mama mkwe. Juu ya kioo haikusema kitu, na Bujiku hakuwa na muda wa kuitisha wazee.

Mle kiooni akauona mkono wa mama, bangili tatu za shaba, ukinyoosha kuelekea kwenye swichi. Vidoleni hapakuwa na ufunguo mmoja. Palikuwa na mbili, vichwa vimebanana shavu kwa shavu, zimezungushiwa uzi wa shanga nyeupe, mzunguko juu ya mzunguko, kama mapacha wanaobebwa mgongoni kwa mbeleko moja. Mmoja ukaingia kwenye swichi, wa pili ukaning'inia shingoni mwa mwenzake.

Nye-nye-nye-nye.

Mungu wangu, akawaza Bujiku. Hata mtu aliyejifunza kazi hii wiki moja anajua: chipu mbili hazisogezwi pamoja kwenye swichi. Gari linauliza “Nani?” na zote mbili zinajibu kwa mpigo, kila moja jina lake, na gari linasikia makelele ya gulio. Lakini yeye kila alipopewa ufunguo alipewa mmoja, mtupu, juu ya kigoda, kwa heshima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema afanyeje mtu ambaye kimlacho kiko nguoni mwa mama mkwe.

Furaha ikampanda, ikaishia njiani. Maana angesemaje? Akisema “mmezifunga pamoja,” wataulizana amejuaje. Na hata wasipouliza, atamwambiaje mama wa mapacha, mbele ya mapacha, awatenganishe mapacha?

“Kulwa,” akasema, bado ameuangalia mgongo wa pikipiki. “Niulizie mama jambo moja. Funguo zile zilikuja mbili na gari?”

“Zilikuja mbili,” mama akajibu bila kumngoja Kulwa. “Zikatengana, huyu mmoja, huyu mmoja. Ndiyo maana mmoja umekufa. Safari hii sirudii kosa.”

Hapo Bujiku akapumua. Mlango umefunguliwa na mwenye nyumba.

“Sasa niulizie: siku mlipozaliwa wewe na Doto, mlitoka pamoja?”

Kulwa akaruka kama aliyekanyaga moto. “Shemeji! Nimuulize mama yangu habari za uzazi, na wewe umesimama hapo?”

Mama Bernadina akacheka mpaka kisu kikaangukia kwenye beseni. “Muulize! Muulize, na mimi nataka kusikia!”

Ndani ya gari bangili zikagongana. Kisha sauti ya Mama Kulwa ikaja, ya chini kidogo.

“Alitangulia Kulwa. Huyu mwingine akaja nyuma, anavuta miguu kama anavyofanya mpaka leo.”

“Mama!” Doto akalalamika.

“Na wangeng'ang'ania kutoka pamoja, mama?” Bujiku akauliza, akasahau hata kumpitishia Kulwa.

“Tusingekuwa hapa tunaongea, mwanangu. Wao wala mimi.”

“Basi na gari lina mlango mmoja. Ufunguo ukibisha, linauliza ‘nani wewe?’ Akijibu Kulwa peke yake, linamwelewa, linawaka. Akijibu Doto peke yake, linamwelewa. Wakijibu wote kwa mpigo linachanganyikiwa kama… kama mimi hapa. Kwangu liliwaka kwa sababu funguo zilinijia moja moja. Siombi watengane. Naomba mmoja atangulie, mwenzake angoje kwenye pindo. Kesho wabadilishane zamu, pasiwe na wivu.”

“Na ule uliosagwa? Ulisagwa kwa kutengwa.”

“Ulisagwa kwa sababu Doto aliinama, mama.”

“Ni kweli, mama,” Doto akasema kwa unyonge. “Niliinama.”

Yakafuata makelele madogo ya shanga. Alikuwa anafungua uzi, polepole, mzunguko kwa mzunguko, akinong'ona kitu kwa Kisukuma ambacho Bujiku alikisikia nusu, na nusu hiyo ilikuwa ni kuwaomba radhi funguo. Shanga akazigawa sawasawa, kila ufunguo na zake. Mmoja akaufunga kiunoni. Mmoja akauingiza kwenye swichi.

Vruuum!

Mama Bernadina akapiga kigelegele kilichowatoa watu kwenye karasha. “Nilisema mimi! Si nilisema tangu mwanzo shida ni funguo?” Kulwa na Doto wakakumbatiana, kisha wakamkumbatia Bujiku kutoka pande mbili, naye akasimama katikati kama ufunguo wa tatu. Mama Kulwa akalizungusha gari uani, akapiga honi mara mbili, akalirudisha kivulini, akazima.

“Kulwa,” akaita.

“Naam mama.”

“Muulize huyo kijana. Amejuaje kuwa nilizifunga pamoja?”

Kiazi cha Mama Bernadina kikatua kwenye maji. Kulwa akamtazama Doto. Doto akamtazama Mama Bernadina. Mama Bernadina, ambaye hajawahi kuficha kitu maishani mwake, akaitazama pikipiki.

“Mashine imeniambia,” Bujiku akasema.

“Mashine gani? Ile uliyoifungia kwenye sanduku, au hii yenye masikio mawili ya kioo?” Mama Kulwa akauliza.

Bujiku akazitazama saitimira. Masikio yake mwenyewe yalikuwa ya moto.

“Mwambie anadaiwa mbuzi,” Mama Kulwa akasema akishuka. “Beberu, asiye na doa. Amemtazama mama mkwe kwa mlango wa nyuma. Na amlete mwenyewe.”

Kandambili zikaondoka. Zilipofika karibu na kigoda zikasita, kisha zikaendelea ndani.

Basi Bujiku akawa hajui ashike lipi. Gari limewaka, ndiyo. Lakini amevunja mwiko mkubwa kuliko yote, mchana kweupe, mbele ya jirani mwenye mdomo, na ametozwa faini. Akageuka kuichukua bahasha yake ili walau aondoke nayo kiume. Kigoda kilikuwa kitupu.

“Doto, barua yangu iko wapi?”

“Mama ameichukua.”

“Anaipeleka wapi tena?”

“Mimi sijui, shemeji. Safari hii hata sikutumwa.”

Akampigia Ritha. Nyuma ya simu watoto wa darasa la pili walikuwa wakiimba jedwali la nne.

“Ritha, nimeharibu. Gari limewaka, lakini nimetozwa mbuzi.”

“Mbuzi wa nini?”

“Wa macho. Nimemwona mama yako kwenye saitimira.”

Simu ikatoa kigelegele kikali kiasi kwamba jedwali la nne lilikatika kwenye nne mara saba, na Bujiku akaiondoa simu sikioni.

“Sasa unashangilia nini? Nimekosa!”

“Ee Mungu, nimempenda fundi wa magari, si wa watu. Buji! Wiki iliyopita ungesimama njiani ukamtazama mama tangu asubuhi, nani angekutoza mbuzi? Ulishaona mpita njia anatozwa mbuzi wa ukwe?”

Bujiku akafikiri. Akafikiri tena. Kila alipodhani amelielewa, lilimponyoka kama sabuni: kwamba amekosa ndipo akapata, kwamba amefungiwa mlango kwa kitasa cha kuufungulia.

“Kwa hiyo ni ndiyo?”

“Mlete mbuzi,” Ritha akasema, “na uje na wazee wako,” akarudi kwenye nne mara nane.

Akapanda pikipiki. Kwanza akazikunja saitimira zote mbili zikatazama chini, kwa adabu, ingawa mama mkwe alikuwa ndani na mlango umefungwa. Akaingiza ufunguo kwenye swichi, akazungusha. Ukagoma. Akautoa, akaupuliza, akauingiza tena. Ukagoma. Akaanza kutazama huku na huko kwa hofu, akiutafuta ufunguo wa pili.

Kulwa na Doto walikuwa wamesimama getini, mashati mawili ya bluu.

“Shemeji,” Doto akamwambia kwa upole, “huo ni wa sanduku.”